Feni Tatu na Masikio ya Kuazima

"Iko kimya," Fundi alisema huku akifuta mikono kwenye suruali. "Kimya kama maji ya mtungi."

Msomaji alisimama katikati ya chumba chake cha kurekodia, chumba kidogo alichokizungushia magodoro ya zamani ukutani, akafumba macho na kushikilia pumzi.

"Haiko kimya," alisema.

"Mpenzi wangu..."

"Inapiga mluzi. Mwembamba kama uzi. Iiiiii. Huo hapo, husikii?"

Fundi akainamia kompyuta. Na kwa kweli ilikuwa mashine ya kutazamwa. Maji yalizunguka ndani yake kwa mipira miangavu, yakachukua joto la kazi, yakapanda nalo hadi kwenye rejeta bapa iliyofungwa juu, na hapo feni tatu zikayapepea yapoe. Fundi alikuwa ameijenga kwa mkono wake, skrubu kwa skrubu, kwa ajili ya mwanamke mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kusoma vitabu kwa sauti ili wasioona wavisikilize. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa ikinguruma mpaka wasikilizaji wakaandika barua kuuliza kama anasomea kwenye mashine ya kusaga.

"Mimi naona iko sawa," Fundi alisema. "Labda umechoka tu."

Neno hilo lilimwingia Msomaji kama mwiba.

Aliyekuwa mumewe alimwambia neno hilohilo kwa miaka sita. Labda umechoka. Unasikia vitu ambavyo havipo. Ilifika mahali akaamini kwamba kweli ana kasoro kichwani. Halafu akaja huyu Fundi, siku ya kwanza kabisa, akamsikiliza akilalamika kuhusu sauti ya friji iliyokuwa chumba cha pili, akainuka bila kubisha, akaenda kuizima, akarudi kuuliza, "Sasa je?" Msomaji alimpenda palepale. Hakuna aliyewahi kumwamini upesi namna ile.

Miezi mitatu iliyopita Fundi alipomwomba wafunge ndoa, Msomaji alicheka kuficha woga. Aliyekwishaungua hausogelei moto bila kusitasita. Akamwambia, "Siku mashine hii ikinyamaza, utapata jibu lako."

Hizi zilikuwa feni za seti ya nne. Na mara zote nne Fundi alisema ziko kimya.

"Ngoja nioshe mikono," Fundi alisema, akatoka.

Simu yake ikabaki juu ya meza. Ikawaka. Msomaji hakuwa mtu wa kupekua simu za watu, lakini ujumbe ulikuja wazi machoni pake:

*MASIKIO: Umeshampelekea? Mwambie ziko kimya. Hatasikia kitu.*

Akaichukua simu. Fundi aliporudi alimkuta ameishika simu mkononi.

"Masikio ni nani?"

Fundi akabadilika rangi. "Ni... mtu."

"Mwanamke?"

"Mwanamke, ndiyo. Ila si hivyo unavyo..."

"Usinipangie ninavyofikiri."

Akabonyeza kupiga, akaweka sauti ya nje. Simu iliita mara mbili.

"Mume wangu!" sauti ikapaza. "Eh? Amekubali?"

Msomaji akajikaza.

"Mimi si mumeo. Mimi ndiye ninayeletewa hizo feni."

"Haaa! Mke mwenzangu!" Sauti ikaangua kicheko, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikachukua muda wake. "Samahani, mama. Kifua hiki. Ni mimi bibi yake. Huyo nimemlea tangu hajaota meno."

Msomaji akamtazama Fundi. Fundi akatazama sakafu.

"Bibi, shikamoo," Msomaji alisema, sauti imeshuka.

"Marahaba. Sasa mbona unauliza kama askari? Ananiletea mafeni yake hapa jikoni, anayawasha mezani, ananiuliza, bibi, unasikia chochote? Namwambia sisikii chochote. Basi anafurahi, anafungasha, anakuletea."

"Bibi, kwani una umri gani?"

"Nina themanini na moja, na meno yangu mengi tu bado ninayo."

"Na masikio?"

Bibi alikohoa kidogo.

"Masikio nayo yapo," Bibi alisema. "Sema mbu siku hizi wananiuma bila kupiga hodi."

Kama si hasira, Msomaji angecheka mpaka akae chini. "Kwa nini anakuuliza wewe? Yeye hana masikio?"

Safari hii Bibi hakukohoa wala kutania.

"Kumbe hajakwambia," Bibi alisema taratibu. "Mpe simu huyo mjinga. Au basi, kata. Muulize mwenyewe."

Akamuuliza. Fundi alikaa juu ya sanduku lake la vifaa, bisibisi mkononi, akaizungushazungusha.

"Miaka kumi na moja nilifanya kazi kwenye ukumbi wa kompyuta za kampuni," alisema. "Feni mia kadhaa zinalia usiku na mchana. Tulipewa vya kuziba masikio, sisi tukaona ni mambo ya waoga. Sauti nyembamba zote zimekwenda. Birika likipiga filimbi, sisikii. Ndege, sisikii."

"Na mimi?"

"Wewe nakusikia. Ila zile s zako zinanipotea. Ukisoma 'siku', mimi napata 'iku', nyingine najazia mwenyewe."

Msomaji alihisi machozi yakimpanda, lakini hasira iliyatangulia.

"Ungeniambia!"

"Ningekwambiaje? Wewe unaishi kwa masikio. Nani anayeishi kwa masikio ataolewa na kiziwi?"

"Kwa hiyo mara nne ukaniambia iko kimya, na hujui kama iko kimya! Unajua nilianza kujiona kichaa tena? Wewe ndiye uliyenitoa huko. Wewe huyohuyo ukanirudisha."

Hilo Fundi hakuwa amelifikiria, na lilimpiga usoni waziwazi.

"Nenda, Fundi. Nenda kwanza."

Akaenda. Sanduku la vifaa akalisahau palepale.

Siku mbili zikapita. Ujumbe ulikuja mmoja tu:

*Sikuwa na haki ya kusema umechoka. Masikio yako ni mazima. Mabovu ni yangu. Nisamehe.*

Msomaji aliusoma mara nyingi kuliko ambavyo angekubali mbele ya watu. Mume wake wa zamani, kwa miaka yote sita, hakuwahi kuandika sentensi ya namna hiyo.

Asubuhi ya siku ya tatu aliwasha mashine. Mluzi ukaanza. Kwa uchungu tu akachukua bisibisi kwenye sanduku lililosahauliwa, akalegeza skrubu nne, akaing'oa feni moja kutoka kwenye rejeta huku ikizunguka, akaishika hewani kwa vidole viwili ili aitukane vizuri.

Mluzi ulipungua.

Akairudisha karibu na rejeta. Mluzi ukakua. Akaivuta nyuma kadiri ya unene wa kidole. Ukapungua tena. Alirudia mara tano. Kisha akaandika:

*Bibi hakukosea sana. Feni peke yake haina mluzi. Mluzi unazaliwa feni inapobanwa na rejeta. Umekuwa ukizipima mezani.*

Jibu likaja kabla hajaweka simu chini.

*Nakuja.*

Alifika akihema, na fremu tatu za mpira mweusi chini ya kwapa, kila moja nene kama kidole. Hawakusalimiana kwa maneno mengi.

"Hewa inahitaji nafasi ya kutulia kabla ya kuingia kwenye vile vibati vyembamba vya rejeta," alisema. "Ni jambo ambalo ningelijua siku ya kwanza, kama ningesikia."

"Sasa uniulize mimi, usimuulize Bibi."

"Ndiyo, mama."

"Na nikisema sauti ipo?"

"Ipo."

Wakafanya kazi. Yeye akifunga, Msomaji akisikiliza. Punguza mwendo. Bado. Punguza tena. Hapo, hapo, usiguse. Jua lilikuwa dirishani na magodoro yalinuka vumbi la joto. Hatimaye Msomaji akainua mkono.

"Umekwisha," alinong'ona. "Mluzi umekwisha, Fundi."

Lakini Fundi hakutabasamu. Alikuwa ameweka ncha za vidole juu ya feni, moja moja, akiwa amefumba macho, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Ya katikati si nzima," alisema.

"Haina sauti."

"Leo haina. Inatetemeka kidogo, chini kabisa. Mhimili wake umeanza kuchoka. Baada ya mwezi itakuwa inakukoromea."

Msomaji akasogeza sikio mpaka likagusa mashine. Hakusikia kitu. Akaweka vidole vyake pale vilipokuwa vya Fundi. Hakuhisi kitu. Fundi akaifungua feni ile, akaizungusha kwa kidole, akamwambia atazame. Kwenye mzunguko wa mwisho kabisa, feni iliyumba. Kidogo mno, kama unywele.

Msomaji alibaki ameduwaa. Maisha yake yote alikuwa yeye anayesikia wasichosikia wengine, na upweke wake wote ulianzia hapo. Leo kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amekamata kitu kilichompita yeye, na alikikamata kwa ncha za vidole. Alivitazama vidole vile, vyenye makovu ya kuungua kwa solda na kucha zilizokatika, akaona anaogopa kwa namna nzuri, vile mtu anavyoogopa akisimama chini ya mlima.

Fundi akaweka feni ya akiba, akawasha.

Chumba kilinyamaza. Mwanzoni Msomaji alidhani umeme umekatika, mpaka alipoona maji yakitembea kwenye mipira. Alisikia kope zake zikigusana. Alisikia karatasi ya kitabu ikijikunjua taratibu juu ya meza. Alisikia pumzi za Fundi, na katikati ya pumzi moja na nyingine, tone la mate likipita kooni mwake. Kumbe chumba hiki kilikuwa na vitu vyote hivi siku zote.

"Imenyamaza?" Fundi aliuliza. Alikuwa akimtazama usoni kama mshtakiwa anayengoja hukumu, maana yeye mwenyewe hakuwa na njia ya kujua.

Msomaji aliwasha kinasa sauti kwa mazoea ya kazi. Kisha akauchukua mkono wa Fundi, akaviweka vidole vyake juu ya koo lake mwenyewe.

"Ndiyo," alisema.

Fundi aliviacha vidole palepale.

"Hilo la mashine," aliuliza, "au la kwangu?"

"Yote mawili. Ila usinidanganye tena, hata kwa wema."

"Sitakudanganya. Sema tena."

"Umesikia vizuri!"

"Nimesikia. Nataka tena."

Kabla hajasema tena, simu ikaita mezani. Fundi akaiweka sauti ya nje.

"Mke mwenzangu upo hapo?" Bibi aliuliza. "Mbona kimya hivyo? Mashine imenyamaza?"

"Imenyamaza, Bibi."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshasema."

Vigelegele vikapasuka ndani ya simu, vya bibi wa miaka themanini na moja asiyejali kifua wala kikohozi. Kwenye kioo cha kompyuta, mstari wa sauti uliokuwa umelala bapa ukaruka juu mpaka ukawa mwekundu. Fundi, ambaye nusu ya vigelegele vile haikumfikia, alikuwa akiutazama mstari huo, na machozi yakimtoka.

"Nauona," alisema. "Nauona wote."