Tundu la Mahakama ya Zamani

Lipu ilikataa kukauka. Kuta zote za mahakama ya zamani zilikuwa zimeshakauka, ila kiraka kimoja tu, pale Fundi Kipimo alipoziba tundu la ukubwa wa tofali, kilibaki kibichi na kilinuka nywele zilizoungua.

Wanakijiji walitaka jengo lile la mababu zao liwe nyumba ya kumbukumbu. Mama mkwe wake Kipimo, aliyelifagia tangu usichana wake, alikuwa amemsihi asiliguse tundu la chumba cha mahabusu. Waliojenga walikuta mahali pale pana mwenyewe wake, alisema, wakamwachia njia ya kutokea. Kipimo alimsikiliza kwa adabu, akamgeuzia mgongo akacheka. Usipoziba ufa utajenga ukuta; ndiyo dini yake, na nyumbani kwake hata sisimizi hakuwa na pa kupita. Akapiga mwiko.

Mkewe alikuwa ndani akipaka chokaa. Jua lilipofika utosini, Kipimo alisikia vikohozi vya wazee, akadhani wageni wameingia kutazama kazi. Akachungulia. Mkewe alikuwa peke yake, amesimama kinywa wazi, midomo haichezi, na humo kinywani zilikuwa zikitoka sauti za mabenchi yanayoburutwa, na minyororo, na mtu analia aachiwe aende kwake, na nyuma ya yote hayo pumzi moja nzito isiyokuwa ya mwanamke wala ya mwanamume.

"Umenifungia mlango, fundi," ile pumzi ikasema. "Nimepata mwingine."

Akaingia mbio. Alimpenda yule mwanamke kuliko roho yake, na sasa uso wake ulikuwa unageuka rangi ya majivu. Mama mkwe, aliyekuwa akiwaletea chakula, alifika mlangoni akaelewa bila kuambiwa.

"Bomoa, mwanangu," alinong'ona. "Bomoa kabla hajamzoea."

Akashika nyundo akapiga, akapiga tena, lipu mbichi ikimrukia usoni na ile harufu ikimkaba koo, hadi tofali likaangukia nje na upepo wa moto ukampita shavuni, ukatoka, na mkewe akaanguka mikononi mwake akiomba maji kwa sauti yake mwenyewe. Kipimo alilia bila haya mbele ya mkwewe.

Jioni, nyumbani kwao, alimlaza kitandani. Alipoinua macho, juu ya mto wa mkewe aliona tofali moja halipo ukutani. Kingo za tundu zilikuwa zimekatwa vizuri, bado mbichi, na zilinuka nywele zilizoungua. Mkono wake wenyewe uliuendea mwiko, kwa mazoea. Akamtazama mkewe, akaurudisha mwiko kwenye kapu taratibu.

Mkewe humwita "mwenzangu" tangu siku ya ndoa. Hajawahi kumwita jina jingine.

"Hapo umefanya vizuri, fundi," alisema, macho yamefumbwa, na midomo pia.