Video Iliyomliza Mama Kulwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kulwa alifagia uwanja, kisha akamfuata mama yake kisimani. Zamani kazi ya kisimani ilikuwa ya Doto, pacha wake. Doto alishuka huku akipiga mluzi, akachota maji kwa kata, halafu akamrushia Kulwa matone usoni makusudi ili amuudhi. Tangu Julai hapakuwa na mluzi wala wa kumuudhi, na Kulwa alitamani kuudhiwa.

Doto hakuwa mtoro. Msimu uliopita mvua ilikatika mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, na shamba lao lote pale kijijini Kwihara likakauka. Baba yao alikwisha kufariki, na chakula ghalani hakikuwatosha watu watatu. Mama yao, Mektilda, akaamua kumpeleka Doto Kaliua kwa mjomba Anton, akachunge ng'ombe, lakini ale. Alimfungia michembe, vile viazi vikavu alivyovipenda, akamsindikiza mpaka stesheni ya Tabora.

Darasani, dawati la mapacha lilibaki na nafasi. Mtu yeyote alipotaka kuhamia pale, Kulwa alilia, basi wakamwacha.

Mwezi Oktoba, Mwalimu Adinani, mlezi wa klabu ya mazingira, aliwakusanya wanafunzi.

"Mwezi ujao nchi za dunia zinakutana kujadili mabadiliko ya tabianchi," alisema. "Wajumbe watabishana kuhusu moshi wa viwanda na kuhusu nani awasaidie waliopata hasara. Vijana wa Afrika wana kampeni, wanakusanya video fupi mtandaoni, wazisambaze kwa pamoja ili wajumbe wazione kabla ya kukata shauri. Wageni huja Kwihara kupiga picha tembe, ile nyumba ya udongo ya wasafiri wa zamani. Safari hii dunia itutazame sisi tunaoishi hapa. Tutatuma video moja, ila naomba niione kwanza."

Kulwa alilipokea neno hilo kwa moyo wote. Wajumbe wakiona, watakubaliana. Wakikubaliana, mvua itarudi. Mvua ikirudi, Doto atarudi. Kichwani mwake njia hiyo ilikuwa fupi kama ya kutoka Kwihara kwenda Gongoni, hapo jirani.

Jumamosi, yeye na mwanafunzi mwenzake, Valentino, walikwenda shambani na simu ya kaka yake Valentino. Kulwa alisimama kwenye mabua makavu.

"Naitwa Kulwa. Nina pacha anaitwa Doto. Mvua ilikatika, akahamia Kaliua kwa mjomba."

Valentino alishusha simu. "Kulwa, hii haiendi popote. Kuhamia Kaliua? Hata mimi nina shangazi Kaliua. Watu watapita tu."

"Sasa nisemeje?"

"Sema kitu cha kuwaliza. Wale wako mbali, nani atakuja kuuliza?"

Kulwa alisita. Kisha akaikumbuka ile nafasi kwenye dawati, akajikaza na kusema, "Nilikuwa na pacha anaitwa Doto. Njaa imemuua." Machozi yakamtoka, nayo yalikuwa machozi ya kweli, kwa sababu alimkumbuka ndugu yake kweli. Ndiyo maana uongo wenyewe uliaminika.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya kupokea video, na Mwalimu Adinani alikuwa ameshakwenda mjini. Waliituma hivyohivyo. Valentino alisema mwalimu wangemwonyesha Jumatatu.

Jumatatu walikuwa wamechelewa. "Umepaa mtandaoni, Kulwa!" Valentino alimwambia asubuhi, akihema. "Mpaka watu wa nje wanaandika kwa lugha zao! Wanawaambia viongozi wao wakuone!" Kulwa alitabasamu, lakini kwa mwalimu hakwenda. Hakukumbuka kwamba simu zinazofika ng'ambo hufika pia kwa majirani.

Jioni alirudi kutoka kisimani na mama yake, kila mmoja na ndoo kichwani. Uwanjani kwao waliwakuta akina mama wa kanisani wamejifunga kanga. Wengine walileta kuni, wengine unga.

"Jamani, nani amefiwa?" Mektilda aliuliza.

Jirani yao, Getruda, alimsogelea. "Mama Kulwa, jambo zito kama hili umelibeba peke yako? Tumeliona kwenye simu. Pole sana. Pole kwa Doto."

Ndoo ilianguka. Maji aliyoyapangia foleni mchana kutwa yalinywewa na mchanga mara moja. Mektilda aliuliza kwa sauti ndogo, "Doto yupi?" Getruda akamkumbatia. Ndipo akapiga yowe.

"Nilimpeleka mwenyewe! Nilisema akale! Nilimpeleka mwenyewe mwanangu!"

Kulwa alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Getruda alijaribu kumpigia mjomba Anton, hakupatikana. Mektilda akaomba nauli ya kwenda kumzika mwanawe. Hapo Kulwa akapiga magoti mbele ya watu wote.

"Mama, Doto hajafa. Ni mimi niliyesema. Nilidanganya."

Mama alimtazama kama mtoto wa watu. "Siwezi kukuamini," alisema. "Mpaka nimsikie."

Walingoja mpaka giza lilipoanza kuingia, na simu ya Getruda ikaita. Alikuwa Anton, ametoka machungani kusiko na mtandao. Alimpa Doto simu.

"Shikamoo, mama."

Mektilda aliishika simu kwa mikono miwili.

"Mama? Mbona huitikii?"

"Marahaba, baba," alisema mwishowe, akalia tena.

Akina mama walifungua kanga viunoni. Unga hawakuuchukua. "Mle tu," Getruda alisema. Siku hiyo walikula ugali wa msiba wa mtu aliye hai.

Kesho yake Kulwa na Valentino walikwenda kwa Mwalimu Adinani na kueleza yote. Mwalimu alikwisha kupigiwa simu. Vijana wa kampeni walikuwa wameiondoa video.

"Kuna watu wameandika kwamba hata ukame wenu ni maigizo," alisema kwa huzuni. "Kisima kinakauka kweli, shamba limeungua kweli, na sasa hatuaminiwi. Nimewaomba mpate nafasi ya kusahihisha. Wamekubali, mama yako akiridhia."

Kulwa alimwomba mama yake msamaha. Mektilda aliendelea kuchekecha unga, kisha akauliza, "Doto kuwa mbali nasi hakukukutosha?" Swali hilo lilimuuma kuliko fimbo yoyote.

Lakini mama aliridhia. Kulwa alisimama tena shambani, mama yake pembeni, akasema: "Nilidanganya kwamba pacha wangu amekufa. Yu hai. Anachunga ng'ombe Kaliua badala ya kusoma, kwa sababu hapa hatukuvuna. Naomba mtufikirie mnapojadiliana. Nataka arudi." Safari hii Mwalimu Adinani ndiye aliyeituma.

Walioitazama walikuwa wachache. Hata hivyo, vijana wa kampeni waliichanganya na nyingine, nayo ikaonyeshwa huko mkutanoni. Wajumbe walikubaliana mambo fulani na mengine wakayaahirisha. Kwihara anga lilibaki jeupe, na Doto alibaki Kaliua.

Jumapili moja alipiga simu. "Kulwa, nimesikia safari hii umenifufua!" Kulwa alicheka, kicheko kikageuka kilio.

Mektilda alimketisha kando yake. "Nisikilize, mwanangu. Yule mtoto uliyemsema mara ya kwanza hakuwa wetu. Uliwaliza watu kwa ajili ya mtoto asiyekuwepo, na wetu akakosa wa kumtetea. Ukidanganya juu ya shida yako, hata shida ya kweli haisikilizwi tena. Endelea kusema, wala usichoke, lakini sema kama ilivyo, hata kama hakuna anayelia."

"Nimesikia, mama."

"Haya, nyanyuka. Maji yanatungoja."

Kulwa alijifuta machozi, akaitwaa kata ya Doto ukutani, wakashuka kisimani.