Usilale

Kwanza ilikuwa pumzi tu. Pumzi moja iliyozidi.

"Chiriku," kaka yake alisema kutoka upande wa pili wa kioo, "mbona unavuta pumzi mara mbili kabla ya kiitikio?"

"Kwani nina mapafu mangapi, kaka? Nimevuta mara moja."

"Basi njoo usikilize, mbishi wewe."

Chiriku alivua hedifoni akaenda. Kaka yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Waya kwa sababu tangu utotoni hakuna redio iliyosalimika mikononi mwake, alibonyeza kitufe. Kweli bwana. Pumzi ya kwanza ilikuwa ya Chiriku, fupi, ya mtu anayejiandaa kupandisha sauti. Ya pili ilifuata baadaye kidogo, ndefu, ya mtu aliyekaa karibu sana na maikrofoni na asiye na haraka yoyote. Waya akaikata kwenye kompyuta kama alivyozoea kukata mikohozi na mate ya waimbaji wote, akasema, "Rudia." Chiriku akarudi ndani kurudia. Albamu ndivyo zinavyotengenezwa, mstari mmoja unauimba mpaka unauchukia.

Studio yenyewe usiulize. Ilikuwa stoo ya mama yao. Waliigawa katikati kwa mbao na kidirisha cha kioo, wakapigilia magodoro chakavu na trei za mayai ukutani mpaka darini. Ukifunga mlango mtaa wote unanyamaza, mchana huujui na usiku huujui, na mwangwi hakuna, neno likikutoka linaanguka hapohapo miguuni pako. Waya alikipenda chumba hicho kupita kiasi. Alisema humo ndimo mdogo wake atakapotokea kuwa mtu.

Nyimbo zilikuwa tisa, zote kazitunga Chiriku mwenyewe, na zote, tuseme ukweli, zilikuwa za mtu mmoja: mpiga gitaa. Kijana huyo alikula kwao miaka, akimwita mama yao "mama", akilala kwenye kochi lao akiishiwa nauli, akiahidi yale ambayo wanaume huahidi wakishashiba. Unajua Chiriku alipataje habari kwamba anaoa? Mama mzazi wa kijana alikuja kajipamba, akakaa kwenye kochi lilelile, akasema, "Binti yangu, tumependa wewe ndiye utuimbie harusini." Heshima gani hiyo! Mama yake Chiriku alidondosha vikombe. Chiriku mwenyewe hakulia. Alisema asante, akamsindikiza mgeni mpaka barabarani, akarudi akatunga wimbo wa tisa.

*Usilale, usilale,*
*kitanda kikukatae,*
*aliye macho anisaidie,*
*akukalie kifuani, usilale.*

Wimbo mtamu balaa, ndio ubaya wake. Waya alitaka kiitikio kiwe kizito, Chiriku juu ya Chiriku juu ya Chiriku, kwa hiyo mistari hiyo minne aliimbishwa asubuhi mpaka jioni. Kila aliporudia alifumba macho, akamwona yule kijana, akamlaani kwa moyo wote. Mtu akilaani mara moja kwa hasira, upepo unachukua yanaisha. Huyu alilaani siku nzima, katika chumba kilichofungwa, kwa sauti iliyonyooshwa mpaka haina doa. Kama kulikuwa na kitu kinasikiliza, kingedhani nini zaidi ya kwamba kimeitwa?

Siku ya pili kulikuwa na harufu humo ndani, ya nywele zilizoungua. Waya alipekua kila waya akitafuta palipoungua, hakupata kitu. Chiriku hakujali. Alikuwa na shughuli nyingine: aliuchukua wimbo kabla haujakamilika akamtumia mpiga gitaa kwenye simu, bila salamu wala maelezo.

Jibu lilikuja kesho yake. "Wimbo mzuri. Umenikosesha usingizi."

Chiriku alicheka mpaka akajishika mbavu. Siku chache baadaye habari zikaanza kuingia zenyewe, kwani mtaa una miguu. Mpiga gitaa halali. Mpiga gitaa kaanguka jukwaani. Bibi harusi mtarajiwa karudi kwao, anasema mchumba wake anakaa kitako kitandani akizungumza na mtu aliyekaa mapajani mwake, na mtu huyo haonekani. Chiriku alifurahi. Tusimfichie, alifurahi mpaka akaimba jikoni, na yeye ambaye tangu ujio wa yule mama aliyejipamba alikuwa hapati usingizi, sasa alilala fofofo kama mtoto aliyeshiba.

Mama yake ndiye aliyemkamata mkono siku moja kwenye ukumbi, akamvuta pembeni.

"Mwanangu," alinong'ona, "kaka yako halali."

"Ana kazi nyingi, mama. Anachanganya sauti."

"Sisemi kazi. Nasema halali. Nimemchungulia. Anakaa mle anaongea peke yake, anasema 'shuka basi, shuka kidogo.' Anamwambia nani?"

Chiriku akaenda. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali nje, watoto wanacheza, muuza maji anapita anapiga kengele yake, na yote hayo yalikatika alipofunga mlango nyuma yake, ikabaki giza la taa ndogo na ile harufu ya nywele, nzito sasa, ya kukaba koo, na Waya kwenye kiti chake, hedifoni masikioni, macho mekundu yamemtoka, midomo imemkauka mpaka imepasuka, mkono mmoja kwenye vitufe na mwingine kifuani, ukisukuma hewa, ukisukuma kama mtu anayejaribu kumwondoa paka mzito aliyemlalia.

"Kaka."

"Nimeufuta," Waya alisema. "Wimbo nimeufuta tangu juzi. Msikilize."

Kompyuta ilikuwa imezimwa. Spika zilikuwa zimechomolewa, waya zao zimeviringishwa sakafuni. Chiriku akaisikia sauti yake mwenyewe ikiimba kiitikio, nzuri, safi, na chini yake sauti nyingine inayofanana nayo kabisa ila nzito, inayoimba kwa kutulia huku ikivuta ile pumzi ndefu katikati ya mistari.

"Amenikalia hapa," Waya alisema, akijigusa kifua. "Nikifumba macho ananifumbua kwa vidole. Chiriku, mdogo wangu, vidole vyake vya moto."

Mganga aliletwa na mama siku hiyohiyo. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mkoba wa ngozi na haraka za mtu anayesubiriwa kwingine. Alifika mlangoni mwa studio, akanusa, akarudi nyuma hatua nzima.

"Mimi humo siingii. Nani kaimba?"

"Mimi, shangazi," alisema Chiriku.

"Nipe maneno. Yaseme tu, usije ukaniimbia mimi!"

Chiriku akayasema. Mganga akafunga macho.

"'Aliye macho anisaidie.' Binti yangu, ulidhani walio macho duniani ni sisi tu? Na umeyasema mara ngapi?"

"Ni kurekodi, shangazi. Lazima urudie."

"Haya. Wewe umerudia, na jini limepokea amri kila uliporudia."

"Lakini nilimwimbia mpiga gitaa! Kaka yangu kanikosea nini?"

"Ulimtaja huyo mpiga gitaa kwa jina?"

Chiriku akatikisa kichwa.

"Basi jini halimjui. Linamkalia anayesikia. Huyo kijana ulimpa mwenyewe akasikia. Haya, na nani mwingine aliyeusikia wimbo huu, kutwa kucha, kuliko mtu yeyote?"

Wote watatu wakatazama kule ndani alikokaa Waya. Mama akaanza kulia kwa sauti ya chini, akijiziba mdomo na ncha ya kanga.

"Lifukuze basi," Chiriku alisema. "Nakuomba."

"Nikilifukuza litarudi, lina mwaliko. Aliyeliita ndiye aliage. Mleteni huyo kijana, akae mbele yako humo ndani, umsamehe. Na sikiliza: usijaribu kulidanganya. Limekuwa likila chuki yako siku zote hizi, ladha yake linaijua."

Mama alikwenda mwenyewe kumleta. Alimwingiza kamshika kiwiko, shati limefungwa vifungo kombo, mashavu yamebonyea, na kijana alipomwona Chiriku akapiga magoti bila kuambiwa. Waya aliegemezwa ukutani kwenye godoro. Chiriku akavaa hedifoni, akasimama mbele ya maikrofoni, akasema, "Nimekusamehe."

Sauti yake mwenyewe, ile nzito, ikamjibu masikioni. "Rudia."

"Nimekusamehe."

"Hiyo haikutoka moyoni. Rudia."

Alirudia mpaka sauti ikamkauka, na mpiga gitaa akaharibu zaidi kwa kufungua mdomo. "Sikujua kama ulinipenda kiasi hicho," alisema, "ungeniambia." Ungeniambia! Chiriku alihisi damu ikimpanda kichwani, na papo hapo Waya akaguna kama kaongezewa mzigo. Ndipo alipogeuka akamtazama kaka yake. Huyu ndiye aliyempandisha mabegani akiwa mdogo ili aifikie maikrofoni ya shule. Huyu alilala njaa akanunua kompyuta. Na yule anayepiga magoti pale, hivi ni nani hasa? Kijana tu mwenye gitaa na mama mwenye maringo. Chiriku akahisi kitu kinalegea kifuani mwake, akakiacha kilegee.

"Nimekusamehe," alisema. "Nenda kaoe. Nenda kalale."

Masikioni kukawa kimya. Harufu ikapungua, ikawa ya vumbi na magodoro, harufu ya siku zote. Waya akashusha mabega. Kope zake zikaanza kushuka polepole, na mama yao, mlangoni, akaweka kidole midomoni asije mtu akakohoa.

Mpiga gitaa naye akapiga miayo. Akaegemea ukuta, akateleza mpaka chini, akalala. Akakoroma. Na usoni mwake kikatandaa kile kitabasamu chake, kilekile cha kwenye kochi baada ya kula, cha mtu ambaye mambo yake yote huishia vizuri bila yeye kusumbuka.

Hivyo tu? Chiriku aliwaza. Analala hivi hivi tu?

Hakutaka kuwaza hivyo, maskini, wazo lilimjia lenyewe, na alipojaribu kulirudisha lilikuwa limeshapita, limeshasikika, na ile pumzi ndefu ikavutwa pale pale shingoni kwake kwa furaha, na harufu ya nywele ikajaa chumbani kwa mpigo mmoja, na jini likaruka kutafuta kifua, na kati ya vifua viwili lilivyowahi kuvikalia likakirudia kile lilichokizoea zaidi.

Waya akafumbua macho. Hakumtazama mpiga gitaa. Alimtazama mdogo wake.

"Kidogo tu ningelala," alisema.

Walipomfikia alikuwa ameshakata roho, macho wazi, na kila mama yao alipoyafumba yalifumbuka tena. Mpiga gitaa alilala kupitia vilio vyote hivyo. Aliamka jioni ameburudika, akaomba maji.

Msibani alikuja. Alikuja na mchumba wake aliyekwisha kurudiana naye, wote wamevaa vizuri, akala, akamshika mama mkono akamwambia, "Pole sana, mama, ni kazi ya Mungu." Harusi ilikuwa imebaki palepale. Chiriku alimtazama kutoka mbali bila kupepesa macho. Watu wakasema binti amepatwa na mshtuko, mwacheni apumzike.

Waombolezaji walipokwisha kutawanyika aliingia studio akafunga mlango. Kiti cha Waya kilikuwa kitupu. Akavaa hedifoni, akasimama mbele ya maikrofoni, na upande wa pili wa kioo taa nyekundu ya kurekodi ikawaka. Kiti kikalia kama kinavyolia mtu akikaa.

"Tayari?" ile sauti yake mwenyewe, nzito, iliuliza.

"Tayari."

"Safari hii mtaje."

Chiriku akavuta pumzi. Akamtaja mpiga gitaa kwa jina lake, na la baba yake, na la babu yake, polepole, kila herufi mahali pake, asije mtu mwingine akaponzwa, kisha akaanza kuimba.