Vifaranga Wagonjwa Hawasafiri

Asubuhi hiyo Akuwam hakutulia. Alikunja mkeka, akaukunjua tena. Alibandika chai, akaisahau mpaka ikafurika. Kila mara alirudi nyuma ya nyumba kuchungulia kibanda cha kuku.

"Wamekufa wengine?" aliuliza Ekal, mumewe.

"Ndiyo, wengine. Na baadhi ya waliobaki wamejikunyata. Wanahara damu."

Ukame wa mwaka 1971 ulikuwa umewamaliza mbuzi wao wote, ndipo wakahamia mjini Lodwar. Sasa vifaranga hawa ndio walikuwa mifugo yao. Akuwam aliwatunza kama watoto. Jua lilipochoma, alimwaga maji kwenye sakafu ya kibanda ili wapoe.

"Tufanye kama tulivyofanya kwa mbuzi," Ekal alisema. "Tuwagawanye kwa ndugu na marafiki. Wa huku wakiisha, wa kule watabaki."

Akuwam alikwisha kuanza. Jana yake alimpa jirani yake Amuria vifaranga wachache. Leo aliwatia kikapuni wale waliochangamka, awapeleke kwa dada yake aliyeishi mji wa Kakuma. Lori la Kakuma lilikuwa likipakia mizigo dukani. Lilipopiga honi, alibeba kikapu akatoka mbio.

Njiani alikutana na Mutua, bwana mifugo, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu.

"Ejok, mama!" alimsalimu kwa Kiturkana. "Leo hata salamu hakuna?"

"Ejok. Niache, lori litaniacha!"

"Na hao wanaolia kikapuni, nao ni abiria?"

Akuwam alimweleza yote kwa haraka. Mutua akaacha kucheka.

"Mama, ukiwapeleka hawa Kakuma, umepeleka na ugonjwa."

"Hawa ni wazima! Tazama macho yao."

"Wamelala na wagonjwa. Wamedonoa palepale wagonjwa walipokunya. Huenda ugonjwa umo tumboni, bado haujajionyesha. Dada yako ana kuku?"

"Anao. Wengi, na vifaranga pia."

Honi ililia tena. Ekal akapaza sauti kutoka mlangoni, "Akuwam! Unangoja nini?"

Akuwam alitazama lori, akatazama kikapu. Akilini aliwaona tena mbuzi wake walivyolala chini mmoja mmoja.

"Wakifia hapa wote, nitabaki na nini?" aliuliza.

"Tukianza leo, wengi wanaweza kupona. Dawa ipo ofisini. Lakini dawa peke yake haitoshi. Nionyeshe kibanda."

Lori likaondoka na vumbi lake. Akuwam akageuka na kikapu chake, akamwongoza Mutua nyuma ya nyumba.

Mutua aliinama, akabonyeza sakafu ya kibanda kwa kidole. Kidole kikazama.

"Nani anamwaga maji hapa?"

"Mimi. Joto litawaua."

"Wape kivuli, mama, na maji ya kunywa. Vijidudu vya ugonjwa huu hutoka kwenye mavi. Penye unyevu ndipo vinapopata nguvu."

"Kumbe mke wangu amekuwa akiumwagilia ugonjwa maji kama mtama!" alisema Ekal.

"Na wewe ulitaka kuugawa kama mbegu," Akuwam alimjibu.

Hata Mutua alicheka. Kisha kazi ikaanza. Ekal alikwangua uchafu wote uliolowa, akaufukia mbali pamoja na vifaranga waliokufa. Alileta mchanga mkavu, akautandaza. Wagonjwa walitengwa kwenye kibanda kingine. Mkebe wa maji uliwekwa juu ya mawe, vifaranga wanywe bila kuukanyaga. Dawa aliyoileta Mutua kutoka ofisini ilitiwa katika maji hayo, wala hawakupewa maji mengine.

"Wahudumie wazima kwanza, wagonjwa mwisho," Mutua alisema. "Halafu nawa mikono kwa sabuni."

Lilibaki jambo gumu zaidi. Akuwam alianza kwenda kwa Amuria, akarudi, akaenda tena.

"Ejok!" Amuria alimpokea. "Umekuja kunidai vifaranga wako?"

"Amuria, nimekuletea ugonjwa. Nilijua wenzao wanakufa, nikanyamaza."

Amuria aliwatazama kuku wake waliokuwa wakichakura uani.

"Ungenipa viroboto ningekushukuru zaidi," alisema mwishowe. "Haya, dawa iko wapi?"

Wakakwangua kibanda cha Amuria pamoja, mpaka jasho likawatiririka.

Siku zilizofuata Akuwam hakulala vizuri. Vifaranga wengine walikufa hata baada ya dawa. Kila alfajiri alikwenda kibandani akiogopa kufungua. Kisha asubuhi moja akafungua, hakukuta aliyekufa. Kesho yake pia hakukuta. Wale waliojikunyata walianza kugombea chakula, wakimkanyaga kuku mama yao mgongoni. Kwa Amuria alikufa kifaranga mmoja tu.

Miezi ikapita, mitetea wakaanza kutaga. Watoto wa Akuwam wakala mayai.

Siku moja mzee Lokeno, rafiki wa Ekal, aliwaletea zawadi ya jogoo mwekundu. Ekal alimpokea jogoo kwa furaha, akaelekea naye kibandani. Akuwam akamzuia mlangoni.

"Huyo akae peke yake kwanza, mpaka tujue ni mzima."

"Akuwam! Ni zawadi ya rafiki!"

"Amuria naye nilimpa zawadi," alisema. Akamchukua jogoo, akampeleka kwenye kibanda cha pembeni, akaenda kunawa mikono.