MASIZI KWENYE KITOVU CHA MWANANGU

Kofi la kwanza lilinipata nikiwa nimempakata mwanangu.

La pili likanitoa damu puani.

"Mpe mama mtoto!"

"Simpi!"

"Nimesema mpe!"

Nyie... aliyekuwa ananipiga ni mume wangu. Baba wa huyo huyo mtoto! Asubuhi ile ile alinishika kiwiko tukitoka wodini, akaniambia, "Taratibu mama, angalia ngazi." Jua halijageuka, ananipiga kama mwizi wa kuku.

Nyuma yake amesimama mama mkwe, kopo mkononi.

Ndani ya kopo kuna masizi. Yamekwanguliwa chini ya sufuria, yakachanganywa na mafuta na udongo wa ukutani. Yeye anaita dawa ya kitovu.

"Mshike mikono," alimwambia mwanawe. "Mtoto wa tatu hafi ndani ya nyumba hii!"

Mimi hapo nina nyuzi, hata kukaa nakaa upande upande. Mzazi wa jana tu! Lakini mkimwona paka aliyezaa anavyotoa kucha, basi mmeniona.

Nikamng'ata mume wangu mkono mpaka nikasikia ladha ya chumvi.

Akapiga ukelele. Akanisukuma, mtoto akaniponyoka akabaki kitandani, kichwa changu kikagonga ukingo. Dunia ikazunguka... na katika kuzunguka kule nikaona kidole cheusi cha mama mkwe kinashuka tumboni kwa mwanangu.

Alimpaka!

Nikarusha teke. Kopo likaruka, masizi yakatapakaa ukuta mzima. Mtoto analia, mimi nalia, mume anatukana, mlango umefungwa kwa komeo.

Najua wapo mnaosema, "Dada, si ungekubali tu yaishe? Wakubwa wanajua."

Wakubwa wanajua nini?

Mimi shule niliachia njiani. Lakini kliniki nilisoma kila bango la ukutani, na nesi nilimuuliza maswali mpaka akaniita Bi Kwa Nini. Aliponichoma sindano ya bega nilimuuliza, ya nini hii?

"Pepopunda," akasema. "Inamlinda mtoto akizaliwa. Wadudu wake wanakaa kwenye udongo, kwenye vyuma vichafu, kwenye uchafu wowote. Wakipita kitovuni, mtoto anaacha kunyonya, mdomo unajifunga, mwili unakakamaa. Wengi hawaponi."

"Sasa kitovu kipakwe nini?"

"Dawa utakayopewa hapa, kama utapewa. Usipopewa, usipake kitu. Kiwe safi, kikavu, nepi ikunjwe chini yake, kianguke chenyewe."

Mama mkwe nilimwambia yote hayo kwa heshima zote. Akacheka. "Mimi nimezaa kabla huyo nesi hajaota meno."

Sawa. Turudi chumbani.

Mume ananivuta kwa nywele, mama mkwe anakwangua masizi ukutani kwa kucha ili amalizie kazi yake... mlango ukapigwa.

"Fungueni!"

Wote tukaganda. Sauti ile tuliijua.

Ni Vidole.

Vidole anakaa chumba cha upande wa pili wa uwanja wetu. Zamani alikuwa fundi cherehani, mwenye wateja wa kupanga foleni. Halafu mama mkwe akafiwa na watoto wake wawili wa kwanza, mmoja baada ya mwingine, wote wachanga. Lawama zikamwangukia jirani aliyekuja kuwaona na zawadi ya viguo alivyoshona mwenyewe. Mchawi! Wakamtoa nje wakamlaza chini, mama mkwe akachukua mchi akampondaponda mkono wa kulia. Nakwambia kama anayetwanga! Watu wamesimama, wanaangalia. Wengine wanahesabu mapigo.

Mkono ukapona umepinda. Cherehani ikaisha. Watoto wa mtaani wakamwita Vidole, na mpaka leo hakuna anayemwita kwa lingine.

Nilipoolewa nilionywa wiki ya kwanza tu: usimsalimie, usipokee kitu chake. Nikasema ndiyo mama. Kesho yake nikamwamkia, "Shikamoo mama." Alinitazama kama niliyemrushia jiwe. Hakuitika. Hakuwa amezoea.

"Fungueni, au navunja!"

"Toka hapo, mchawi wewe!" mama mkwe akafoka.

Komeo likang'oka na msumari wake. Vidole akaingia, jiwe la kusagia mkono wa kushoto, anahema.

"Nimesikia mzazi anapigwa," akasema. "Mimi nilipigwa, watu wakaangalia. Leo mimi siangalii."

Mume wangu akamrukia. Jiwe likampata begani, akakaa chini bila kupenda! Mama mkwe akamparamia Vidole, akamkwarua uso toka jicho mpaka kidevu.

"Wawili hawakukutosha? Umefuata wa tatu?"

"Sikuwagusa watoto wako."

"Uliwala! Walizaliwa wazima, wanavuta ziwa mpaka wanapaliwa! Umekuja kuwaona, wiki haijaisha, midomo ikafunga! Wakakaza kama kuni! Ukiwagusa tu wanajikunja nyuma kama upinde! Huo kama si uchawi ni nini?"

Jamani...

Nilikuwa nimekaa sakafuni, damu inanidondokea kifuani, mtoto nimemrudisha mikononi. Nikasikia sauti yangu inatoka polepole.

"Mama. Wale watoto kitovu uliwapaka?"

"Ee, niliwapaka! Kwa mikono yangu mwenyewe, wote wawili! Nilifanya kila kitu cha mama!"

"Hii hii ya kwenye kopo?"

"Hii hii! Ndiyo maana nakwambia, dawa walipata, ni huyu mshenzi..."

"Na mume wangu? Yeye ulimzalia wapi?"

"Hospitali. Alikuja kabla ya wakati wake. Njiti, kama panya." Akafuta jasho. "Walimweka kwenye joto huko, hata kumshika sikuruhusiwa. Nimekuja naye nyumbani ameshanenepa."

"Kitovu chake kilidondokea wapi?"

"Huko huko wodini."

"Ulikipaka?"

Akaacha kufuta jasho.

"Mama, ulikipaka?"

Akatazama vidole vyake vyeusi. Akamtazama mwanawe, mwanamume mzima mwenye ndevu, amekaa sakafuni ameshika bega. Mtoto pekee ambaye hakuwahi kumtia dawa. Mtoto pekee aliye hai.

Na miaka yote aliamini huyo alipona kwa sababu mchawi alishapondwa mkono!

Sijawahi kusikia binadamu akitoa mlio ule. Alianza kupiga ukuta kwa kiganja, kisha kwa paji la uso, mpaka masizi na damu vikachanganyika usoni. Mume wangu akamshika kiuno, akatupwa pembeni.

"Niliwaua! Niliwaua mimi!"

Mwenzenu sikukaa kumbembeleza. Nina mtoto amepakwa! Vidole akatangulia, akanisafishia njia kwa bega lake, tukatoka mbio na khanga zenye damu mpaka kliniki.

Nesi alipoona tumbo la mwanangu alikunja uso. Akaosha, akakausha, akamchoma sindano. "Bahati yako, sindano zako ulichoma zote," akaniambia. "Sasa nyonyesha na umwangalie. Akigoma ziwa, akikakamaa, akichemka, akipoa, kitovu kikiwa chekundu au kikinuka, usisubiri kesho."

Kisha akaniangalia pua. "Na hii nani kakufanya?"

Nilisema. Kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Wewe mwenye mimba unayepigwa na unasema umejigonga kabatini... mwambie nesi. Ngumi ya tumboni haimkwepi mtoto. Na anayekupiga una mimba hatakuonea huruma una nyuzi.

Sikurudi chumba kile. Nililala kwa Vidole. Ee, kwa mchawi! Kila mtoto akilegeza ziwa, yule mama anawasha taa, anamgusa shavu kwa mkono wake uliopinda, mtoto anavuta tena. Usingizi wetu ulikuwa wa kuku. Kitovu kikadondoka kikavu, safi. Mwanangu anakua. Anapiga kelele kama dalali.

Mume alikuja na maua ya dukani. Nikamwambia mkono ulioshika maua ndio ulionivuta nywele, siuoni tofauti yake. Yuko huko, mimi niko huku. Kesi yake iko kwa wanaohusika, na mimi sisahau tarehe ya kuitwa.

Mama mkwe alikuja baadaye. Akapiga magoti mlangoni kwa Vidole, analia bila sauti.

Vidole akachungulia nje, kushoto na kulia.

"Inuka," akasema. "Watu wakikukuta umepiga magoti kwangu watasema nimekuroga."

Sikujua nicheke au nilie!

"Nisamehe, mwenzangu."

"Msamaha sina. Nilikuwa nao, ulikaa kwenye ule mkono. Ila wenye mimba wako wengi, na bado wanaambiwa nilikula wanao. Nenda kawaambie."

Ndugu zangu, nilidhani hatakwenda. Mwanamke yule ana kiburi cha kugawa.

Siku ya kupima uzito watoto, benchi za kliniki zimejaa, matumbo mbele matumbo nyuma, mama mkwe aliingia. Akasimama katikati. Kilemba kimekaa upande.

"Watoto wangu wawili hawakurogwa," akasema. "Niliwapaka uchafu kitovuni, wakafa. Halafu nikampiga asiye na kosa mpaka nikamvunja."

Mmoja akaguna. Mwingine akacheka, akadhani mama kachanganyikiwa. Nesi akashusha kalamu.

Binti mmoja, mimba imemfika kooni, akauliza kwa sauti ndogo:

"Sasa mama, wangu nimpake nini?"

Mama mkwe akamgeukia.

"Usipake kitu, mwanangu. Na atakayekuja na kopo, hata akiwa mama yako mzazi, hata akiwa mimi... mpige teke."