Kigingi chenye Kitambaa Chekundu

Kila asubuhi, kabla ya shule, Tumpe alimfunga ndama nyuma ya migomba yao huko Rungwe. Mwaka huo mama yake mdogo, Sekela, alikuwa amezungushia bonde dogo la hapo vigingi vya chuma vyenye vitambaa vyekundu. Alikuwa akisomea shahada ya uzamivu. Alitaka kujua kama hewa ya ukaa inayonaswa viwandani inaweza kushindiliwa chini kwenye miamba ya moto, ipande na joto, izungushe mitambo ya umeme. Hapo Rungwe hewa hiyo hujitokea yenyewe ardhini, ndiyo maana alikuja kuipima.

"Msivisogelee vigingi," aliwaonya. "Hewa hii haionekani wala hainuki. Ni nzito, asubuhi hutuama bondeni, na anayeivuta hukosa pumzi akafa."

Siku moja kigingi cha mti cha Tumpe kilivunjika, na kengele ya shule ilikwisha kulia. Cha chuma kilikuwa imara. Akamfunga ndama hapo, akatimua mbio.

Mchana alimkuta amelala bondeni, amekufa, hana hata jeraha. Tumpe hakulia. Alikufa ganzi, mikono ikawa kama ya mtu mwingine. Akamvuta kwa kamba hadi migombani, asimwambie mtu.

"Hakuwa mgonjwa huyu," alisema baba yake, Isakwisa. "Jana yule mjane Esnath alipita hapa akimsifia. Lile ni jicho la husuda. Kesho atajieleza kwa mwenyekiti, na kijiji hiki atakihama."

Tumpe alitafuna ndizi zake bila kusikia ladha.

Asubuhi Bibi Esnath, jirani yao mjane, akabisha hodi na mkungu wa ndizi kichwani. Alikuja kuwapa pole. Isakwisa hakumwitikia.

"Baba," alisema Tumpe, "si yeye. Nilimfunga kwenye kigingi cha mama mdogo."

Sekela akawapeleka wote bondeni. Akawasha mshumaa ndani ya kopo, akauteremsha kwa kamba. Ukazimika, na upepo haukuwepo; ile hewa ndiyo iliyouzima. Isakwisa akampokea Bibi Esnath ule mkungu kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama. Karibu nyumbani."

Sekela akamgeukia Tumpe. "Onyo la hatari halidharauliwi, hata kengele ikilia. Na ukikosea, sema mapema. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kingemuumbua asiyehusika. Ndama harudi, mwanangu, ila Bibi Esnath bado ni jirani yetu."

Hapo ganzi ikamtoka Tumpe. Akaketi chini, akamlilia ndama wake.