Alama za Vidole vya Muzee Munguakonkwa

Jumatatu, saa tisa na dakika chache alasiri, Gisèle alivuta droo ya meza yake ofisini akakuta kioo cha kicheza muziki chake cha mfukoni kimechafuka. Zilikuwa alama za vidole, nyingi, zimepandana, zenye utelezi wa dawa ya menthol. Asubuhi alikuwa amekifuta kwa kitambaa na kuifunga droo kwa ufunguo. Akakifuta tena. Jumanne, saa ile ile, alama zilirudi.

Dawa ile aliijua. Baba yake, muzee Munguakonkwa, alijipaka mikononi kila siku hadi alipofariki, wiki tano zilizopita.

Kicheza muziki hicho alikichagua Gisèle mwenyewe. Muzee alikuwa amepoteza macho, akiishi kwa Gisèle, mtaa wa Mapendo, na haja yake ilikuwa moja: kusikiliza sala ya Rozari ya Huruma ifikapo saa tisa. Wadogo wawili wa Gisèle, Joviale na Mulumeoderhwa, walichanga pesa, wakamwachia dada yao uchaguzi. Huko Mabanga, muuzaji Habarurema aliweka viwili mbele yake: kimoja kinene, chenye vitufe vilivyoinuka ambavyo kidole kingevitambua gizani, kingine chembamba, kioo kitupu.

"Kama ni ya muzee asiyeona, mama, hii ya kioo ataipangusa tu mpaka kesho," alisema Habarurema. "Kamata ya butoni."

Gisèle alicheka, akajibu kwamba ile ya butoni inafanana na radio ya sentineli, mlinzi wa usiku. Asilolitamka ni kwamba alikuwa amekwisha kujiona na chembamba kile mkononi mwake, ofisini, siku muzee atakapokuwa hayupo.

Basi kila saa tisa muzee aligonga kioo kwa vidole, tip, tip, tip, akitafuta kitu kisichokuwepo, kisha akaita, na Gisèle, aliyekuwa ameacha kazi kwa muda ili amwangalie, akaja kumfungulia, kwanza kwa upole, baadaye kwa kuguna. Muzee alipofariki, siku ya kugawa vitu vyake baada ya kilio, Joviale na Mulumeoderhwa walimkabidhi dada yao kicheza muziki mbele ya ukoo mzima. "Ni wewe ulimusikiliza mpaka mwisho," alisema Joviale, na wazee wakaitikia. Gisèle aliinamisha macho. Wote walidhani ni huzuni.

Jumatano ilianza sauti. Alikiacha nyumbani makusudi, ndani ya sanduku, betri imekwisha, nguo zimelundikwa juu yake. Lakini alipotoka kazini mapema na kuvuka kizingiti saa tisa kamili alisikia tip, tip, tip kutoka chini ya nguo, polepole, kwa subira ya mtu asiyetaka kusumbua, na harufu ya menthol ikaja kutoka chumba cha muzee kilichofungwa tangu mazishi, ikapita ukumbini, ikamzunguka shingo, ikakaa hapo kama pumzi ya mtu aliyeinama kumnong'oneza, huku vidole vikiendelea kutafuta, tip, tip, juu ya kioo ambacho hakingeweza kuvijibu.

Alhamisi alikipeleka Ndosho, kwa Mama Annonciata, anayeombea watu wenye mapepo. Mama huyo alikishika, akakinusa, akakirudisha haraka.

"Hii haiko pepo ya kufukuza, mutoto yangu. Ni mutu anaomba, na hakujibiwa. Ita ndugu zako, useme yote. Kama unabakisha kitu, yenyewe itasema."

Ijumaa alasiri waliketi watatu, kicheza muziki kimezimika juu ya meza. Gisèle alisema. Alieleza vile viwili vya Habarurema, kicheko chake, na tamaa yake. Alikiri kwamba alipomkuta muzee amefariki, kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kukifuta kioo, ndipo akaita majirani. Joviale alilia bila sauti. Mulumeoderhwa aliuliza kama ni hayo tu.

"Ni hayo tu," alinong'ona Gisèle.

Saa ikafika tisa. Vidole vikagonga. Mbele ya macho yao kioo kikajaa alama, moja baada ya nyingine, bila mkono. Kisha, kutoka katika kile kitu kisicho na moto wa betri hata kidogo, ikasikika sauti, si ya muzee bali ya Gisèle mwenyewe, ya uvivu, ikitoka kama mlangoni, pale alipokuwa ameketi siku ile muzee alipofariki, akisukwa nywele na jirani:

"Ngoja kidogo, papa. Niko nakuya."

Na tena. Na tena. Mara saba, na kati ya kila moja, vidole, kila mara hafifu zaidi, hadi ya saba ilipofuatwa na kimya.

Mulumeoderhwa hakuinua uso. "Ulimusikia," alisema.

"Nilimusikia."

Wadogo zake waliondoka bila kumuaga.

Tangu siku hiyo kioo hakijachafuka tena. Kila saa tisa Gisèle hufungua droo na kukifuta hata hivyo.